Saa Ilindayo Usiku wa Mimea

Mwaka 1920 W. W. Garner na H. A. Allard, wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walitangaza habari ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo ilikuwa ikirefuka kiangazi chote pasipo kuchanua, hata walipoitia katika kibanda cha giza kila alasiri, jua lingali juu, ikachanua kabla ya majira yake. Kumbe mmea hupima urefu wa siku. Na mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner wakabainisha kwamba kipimo chenyewe hasa ni usiku, maana mwanga wa dakika chache tu, ukiukata usiku mrefu katikati, ulitosha kuzuia maua.

Kwa ajili hiyo, mtu akuzaye krisanthemu au poinsetia chumbani, akiongeza nuru ya dirisha kwa taa za umeme, na achague taima yake, yaani saa ya kuziwasha na kuzizima taa hizo, kwa kutazama kwanza namna itakavyoulinda usiku huo. Ile ya gurudumu, yenye meno madogo yanayobonyezwa, kila moja aghalabu kwa robo saa, ni nyepesi kuitumia. Walakini mota yake huenda kwa kuufuata umeme wenyewe, na umeme ukikatika husimama, kisha urudipo huendelea pale pale ilipoachia. Tuseme taa zimepangiwa kuwaka saa 12 asubuhi na kuzimika saa 12 jioni, na umeme ukapotea kwa muda wa saa 3: tangu hapo zitazimika saa 3 usiku, ilhali jua litaingia dirishani asubuhi kwa wakati wake, na mchana wa saa 12 utakuwa umegeuka wa saa 15, ambao maua hayo hayaukubali. Katika miji yetu, ambamo umeme hukatika bila taarifa, taima ya dijiti yenye betri ya akiba ndiyo niionayo kuwa stahili, na bei yake ya ziada si israfu hata kidogo. Na mwenye kuletewa saa ya gurudumu kutoka Marekani atahadhari: iliundwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, na kwenye wetu wa 50, hata volti zikishushwa kwa transfoma, itabaki nyuma saa 4 kila siku.

Wala si taa tu zinazohitaji taima: pampu inyunyizayo mizizi ya mimea iliyoning'inia hewani pasipo udongo inataka taima ihesabuyo sekunde. Ya robo saa haiifai.

Lililobaki ni uzito wa umeme, na hapa wengi hughurika. Kibandiko cha ampea 16 kilichoko kwenye taima kwa kawaida hunena juu ya vyombo vya joto, kama pasi na hita. Taa za LED, ziwashwapo, huvuta kwa kufumba na kufumbua mkondo mkubwa mara nyingi kuliko wa kawaida yake, na zikiwa nyingi kwenye taima moja, mshindo huo huweza kuvigandanisha vigusio vya ndani, hata saa ikafika, taima ikaamrisha kuzima, na taa zikaendelea kuwaka usiku kucha. Dawa yake ni kontakta: fundi wa umeme huifunga baina ya taima na taa, ikaubeba yenyewe mkondo wote mzito, na taima ikabakiwa na kazi ya kuiamrisha tu.