Haki ya Mshonaji na Dhamana ya Mnunuzi

Biashara ya dunia ya leo imefupisha masafa baina ya mshonaji na mvaaji, walakini haijafupisha masafa baina ya faida na dhamana. Na mwenye kutaka kuielewa kadhia hii kwa dalili zilizo wazi na autazame mji wa Savar, kando ya Dhaka nchini Bangladesh, ambako asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka, likaua watu 1,134 na kujeruhi wengine zaidi ya 2,000, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika.

Siku moja kabla ya msiba huo nyufa zilijitokeza, na mhandisi aliyeitwa kuzitazama alisema kwamba jengo lile halikufaa tena kukaliwa na watu. Kesho yake benki na maduka ya ghorofa za chini hayakufunguliwa, ilhali washonaji wa viwanda vitano vya juu waliamriwa kuingia kazini, baadhi yao wakitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi, katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara wa mshonaji kilikuwa taka 3,000, yaani chini ya dola 40. Umeme ulikatika, jenereta nzito za juu zikawashwa, na jengo likaanguka. Watu wa benki walisalimika kwa kuwa mwajiri wao aliwazuia wasije. Washonaji hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Taksiri ya mwenye jengo na wenye viwanda haina shaka, lakini haielezi yote. Kampuni kubwa ya nguo aghalabu haina kiwanda chake. Huagiza kwa mkataba, hukata bei, hupanga siku ya kupakia mzigo, na mwenye kiwanda akichelewa hulazimika kupunguza bei au kuupeleka mzigo kwa ndege kwa gharama yake mwenyewe. Hivyo shinikizo hutoka ng'ambo na hatari hubaki kwa mshonaji, na maafa yakitokea mnunuzi husema kwamba marehemu hawakuwa waajiriwa wake. Kifungu cha 23 cha Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinampa kila mtu haki ya kufanya kazi katika hali njema na ya kuunda chama. Bali mkataba wa biashara haukuitaja haki hiyo.

Kabla ya mwezi kutimia, mashirikisho ya kimataifa ya wafanyakazi yalitiliana saini na kampuni za nguo mapatano ya usalama yaitwayo Accord, ambayo kampuni zaidi ya 200 ziliyaingia na ambayo kwayo viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa. Nguvu yake ilikuwa katika sheria: mwenye kuvunja ahadi aliweza kushtakiwa mbele ya wasuluhishi wa The Hague, na mwaka 2018 kampuni moja iliyoshtakiwa huko ilikubali kutoa dola milioni 2.3.

Basi, maadamu mkataba unaweza kubeba bei kuvuka bahari, unaweza pia kubeba dhamana ya uhai. Serikali za Afrika Mashariki, ambazo nazo zimefungua maeneo maalumu ya kushonea nguo za soko la Amerika, na ziyadai mapatano ya namna hii sasa, kabla ya msiba.