Pampu ya Kisima Ikikataa Kutoa Maji

Katika mashamba mengi ya skimu za makazi hakuna mto wa karibu wala bomba la maji lipitalo njiani. Maji ya kupikia, ya kunywa, ya ndama na ya kuku hutoka katika kisima kimoja chenye pampu ya mkono, na kisima hicho ni cha nyumba nyingi pamoja. Pampu hiyo ikikataa leo, kesho akina mama na watoto watarudi bwawani na mitungi yao, na haitapita muda kabla mtu fulani hajaanza kuharisha. Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwe na mtu mmoja anayejua kutambua shida ya pampu, hata kama yeye si fundi.

Hapa tutaeleza juu ya pampu iitwayo Afridev. Pampu hii ilijaribiwa hapa kwetu Kenya, huko Kwale, katika miaka ya 1980, na ilibuniwa makusudi ili wenye kisima waweze kuitengeneza wao wenyewe kwa vyombo vichache. Kama pampu yenu ni ya aina nyingine, dalili nyingi za ugonjwa ni zile zile, lakini kuifungua ni namna nyingine. Msiifungue kabla ya kuonyeshwa na mtu aliyekwisha kuifungua.

Kwanza ufahamu kazi inavyofanyika chini, mahali usipoona. Mpini umeshika fito za chuma zilizounganishwa kwa kulabu, kila ufito urefu wake karibu mita 3. Fito hizo hushuka ndani ya bomba la plastiki mpaka kwenye silinda iliyozama majini. Mwisho wa fito kuna pistoni, nayo imevikwa mpira wenye mdomo. Chini kabisa ya silinda kuna vali ya pili, nasi tutaiita vali ya chini. Ukibonyeza mpini, pistoni hupanda na kuinua maji yote yaliyo juu yake, na wakati huo vali ya chini hufunguka na kuingiza maji mengine. Ukiurudisha mpini juu, pistoni hushuka, nayo vali ya chini hujifunga ili maji yasirudi kisimani. Basi pampu isiyotoa maji ina kitu kisichofunga, au kitu kilichochakaa, au kitu kilichokatika.

Au pampu ni nzima, bali kisima hakina maji. Jambo hili husahauliwa sana, hasa mwisho wa kiangazi. Ikiwa pampu hutoa maji vizuri alfajiri, halafu kufika saa nne hutoa kidogo pamoja na hewa, na ikipumzishwa mpaka jioni hurudia nguvu zake, usinunue mpira wala vali. Maji ya kisima yamepungua. Pangeni zamu, nyumba nyingine zichote asubuhi na nyingine jioni, kisha mwiteni afisa wa maji wa kaunti awashauri kama kisima chaweza kuongezwa kina. Kazi hiyo hufanywa wakati wa kiangazi hicho hicho, maji yakiwa chini, si wakati wa mvua.

Ukiona kwamba kisima kina maji, fanya majaribio mawili. Hayagharimu kitu.

La kwanza, acheni pampu nusu saa, mtu yeyote asiiguse. Halafu mtu mmoja apige mpini huku mwingine anahesabu. Pampu nzima hutoa maji mara moja. Ikipita mara tano kabla maji hayajatoka, ni kwamba maji yaliyokuwa ndani ya bomba yamerudi kisimani. Hapo mashaka ni juu ya vali ya chini au pete yake ya mpira, au bomba lina ufa au kiungo kinachovuja.

La pili, maji yakiisha kuanza kutoka, weka mtungi wa lita 20 na upige mpini mara 40 kwa dakika moja, kila mara mpini ushuke hadi mwisho. Usimpe mtoto kazi hii, maana mtoto hupiga nusu nusu na hesabu itakudanganya. Kila pigo kamili huleta maji yasiyofika nusu lita, kwa hiyo pampu nzima hutoa lita 16 hivi. Ikiwa hupati hata lita 10, pampu yataka matengenezo.

Sasa linganisha. Kama jaribio la kwanza ni zuri na la pili ni baya, mara nyingi mpira wa pistoni umekwisha. Kama yote mawili ni mabaya, anza na vali ya chini. Na kama mpini umekuwa mwepesi ghafula, unapanda na kushuka kama hauna mzigo, na maji hakuna kabisa, fito zimeachana au ufito mmoja umekatika. Mpini mzito una sababu nyingine. Mpira mpya huwa mzito siku za kwanza na baadaye hulainika, lakini ukizidi kuwa mzito, fito zinasugua bomba lililopinda. Mpini unaoyumba kando na kulia ni beringi za plastiki zilizochakaa. Beringi hizo hazitaki grisi. Grisi hushika vumbi, na vumbi hilo huzila upesi.

Si jambo geni kukuta watu wamekaa majuma mengi bila maji, wakichanga fedha za pampu mpya, na kumbe kilichokwisha ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Kamati ya kisima yapaswa kuwa na mpira mmoja, pete moja na beringi za akiba sandukuni kabla pampu haijaharibika, na kubadili mpira kila mwaka hata ukionekana bado una nguvu.

Siku ya kuifungua, muwe watu watatu, mikono imenawishwa kwa sabuni. Fungueni kifuniko cha kichwa cha pampu, legezeni nati za mpini kwa spana yake, kisha utoeni mpini. Vuteni fito moja moja. Mtu mmoja aushike imara ufito wa chini kabla mwenziwe hajafungua ulabu wa juu, kwa sababu ukiponyoka utaanguka ndani na kazi itakuwa kubwa. Laza fito juu ya turubai safi, wala si juu ya udongo mahali kuku wanapopita. Pistoni ikitoka, vua mpira wa zamani, vaa mpya, na angalia sana kwamba mdomo wake unatazama juu. Ukiugeuza hautashika maji. Vali ya chini nayo hutolewa kupitia bomba lile lile, kwa chuma cha kuvulia kinachofungwa kwenye fito. Hapana haja ya kung'oa bomba lote.

Lakini bomba lenyewe likiwa na ufa, kazi hiyo mwachieni fundi. Na jambo hili tunalisema kwa nguvu: mtu yeyote asishuke kisimani kutafuta kilichoanguka. Ndani ya kisima huweza kuwa na hewa mbaya isiyo na harufu, na aliyeshuka huanguka bila kupiga kelele. Anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Vivyo hivyo msishushe injini ya petroli kisimani kuvuta maji. Moshi wake huua watu hata kama kisima ni kifupi.

Kabla ya kurudisha fito, zioshe pamoja na pistoni kwa maji yenye klorini, na mwombeni afisa wa afya awapimie dawa ya kutia kisimani. Iacheni dawa usiku kucha, na siku hiyo kila nyumba iwe imejiwekea maji. Asubuhi pigeni pampu na kuyamwaga maji mbali na sakafu ya kisima mpaka harufu ya dawa iishe. Halafu rudieni yale majaribio mawili, mkaandike hesabu na tarehe katika daftari la kamati, ili safari ijayo mwone pampu imepungua kiasi gani.