Fedha za tabianchi

Fedha za tabianchi ni fedha ambazo nchi tajiri huzitoa kuzisaidia nchi zinazoendelea kupunguza gesi joto na kukabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi, kama vile ukame na mafuriko. Msingi wake ni kwamba nchi zilizochangia kidogo kuliharibu anga ndizo zinazoumia zaidi.

Historia

Wajibu huo umo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022. Huko Baku mwaka 2024 liliwekwa lengo jipya: dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Nchini Tanzania

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao makuu Songdo, Korea Kusini, ulikubali kugharimia sehemu ya mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Viktoria katika mkoa wa Simiyu, unaopakana na mkoa wa Mara. Mwaka 2021 uliidhinisha mpango wa benki ya CRDB wa kuwakopesha wakulima wadogo.

Ukosoaji

Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo, si ruzuku. Kisima cha kijiji huokoa mifugo wakati wa kiangazi, lakini hakizalishi fedha za kulipia deni. Hivyo nchi iliyoathirika huishia kulipa madhara ambayo haikuyasababisha.