Kiti cha Huawei na Waliokikalia

Aprili 16, 2018 Wizara ya Biashara ya Marekani ilitoa amri iliyozikataza kampuni za nchi hiyo kuiuzia ZTE, kampuni ya simu na mitambo ya mawasiliano ya Shenzhen, kitu chochote kwa miaka saba. Hakuna meli iliyozuiwa bandarini wala fedha iliyokamatwa benki. Ilikuwa karatasi tu. Lakini hata mwezi haujaisha, kampuni hiyo yenye wafanyakazi wapatao 75,000 ilitangaza kwamba shughuli zake kuu zimesimama. Bila chipu za Qualcomm hakuna simu ya kuunganisha, na bila leseni ya Google hakuna simu ya kuuza nje.

Kosa la ZTE lilijulikana. Ilikiri kuuza vifaa vyenye teknolojia ya Marekani huko Iran na Korea Kaskazini, ikatozwa faini mwaka 2017, kisha ikabainika kwamba wakubwa waliohusika hawakuadhibiwa kama ilivyoahidi. Rais Trump aliingilia kati, ikalipa dola bilioni 1 nyingine, ikaweka dola milioni 400 za dhamana, ikabadilisha bodi nzima, na Julai mwaka huo ikarudi kazini. Aliyefuatilia mkasa huo kwa karibu kuliko wote alikuwa jirani yake mjini humo humo: Huawei.

Huawei haikuwa saizi ya ZTE. Mwaka 2018 ilinunua vipuri na malighafi za takriban dola bilioni 70 duniani, na kama dola bilioni 11 kati ya hizo zilikwenda kwa kampuni za Marekani. Ilikuwa na kampuni yake tanzu ya kubuni chipu, HiSilicon, iliyoanzishwa 2004, ambayo chipu zake za Kirin ziliingia kwenye simu zake za bei ya juu. Mei 16, 2019 zamu yake ilipofika na jina lake kuwekwa kwenye orodha ya wanaohitaji kibali cha Washington ili wauziwe, mkuu wa HiSilicon, He Tingbo, aliwaandikia wafanyakazi wake barua iliyosambaa China nzima. Alisema chipu walizozitengeneza kwa miaka kama tairi la akiba sasa zimefungwa kwenye gari, usiku mmoja.

Barua ilisisimua. Ila kulikuwa na jambo isiyolisema: HiSilicon ilikuwa inachora tu. Aliyeichonga Kirin katika silikoni alikuwa TSMC wa Taiwan, naye alichonga kwa mashine na programu ambazo sehemu kubwa zilitoka Marekani.

Kwa mwaka mzima wa kwanza Marekani haikuligusa hilo. Kanuni ya wakati ule ilihesabu asilimia: bidhaa ya nje ikiwa na mchango wa Marekani chini ya robo ya thamani yake, ilipita. TSMC ikapiga hesabu zake, ikajikuta iko chini ya mstari, ikaendelea kuuza. Kwa hiyo pigo la kwanza halikuwa la chipu hata kidogo. Lilikuwa la Google.

Septemba 2019, mjini Munich, Huawei ilizindua Mate 30, simu ambayo kwa kamera na betri ilishindana na yoyote sokoni. Ilikosa kitu kimoja. Android yenyewe ni programu huria, kila mtu anaweza kuichukua bure. Kinachotolewa kwa leseni ni huduma za Google zinazokaa juu yake: Play Store, Gmail, ramani, YouTube, na mtambo usioonekana unaoziwezesha programu nyingine kutuma taarifa na kutambua mahali ulipo. Mchina hakushtuka, kwa kuwa huduma hizo zilikuwa zimefungiwa kwao siku nyingi. Mteja wa nje ndiye aliyeumia. Anayenunua simu Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi haulizi chipu imechongwa wapi. Anaingiza laini, anafungua Play Store, anatafuta WhatsApp na programu ya benki yake. Ikibidi atafute fundi wa kumwekea kwa njia za panya, anaona heri achukue simu nyingine kwenye kabati hilo hilo.

Pigo la pili ndilo lililofika kwenye mfupa. Mei 15, 2020 Wizara ya Biashara iliachana na hesabu ya asilimia. Kuanzia hapo, chipu yoyote iliyobuniwa na Huawei na kutengenezwa kwa mashine au programu yenye asili ya Marekani ilihitaji kibali, hata kama kiwanda kiko Taiwan na mwenye kiwanda hana hisa hata moja Marekani. Viwanda vya chipu vya kisasa havina njia ya kukwepa hilo. Programu za kuchorea chipu zinatawaliwa na Synopsys na Cadence. Mashine za kumwaga tabaka, kuchimba na kukagua zinatoka kwa Applied Materials, Lam Research na KLA. Zote ni za Marekani. Huawei ilipewa siku 120 za kumalizia oda zilizokuwa njiani.

Agosti mwaka huo mkuu wa kitengo cha simu, Richard Yu, alikiri hadharani kwamba utengenezaji wa Kirin za hali ya juu utasimama Septemba 15. TSMC, ambayo Huawei iliipatia asilimia 14 hivi ya mapato yake ya 2019, ilifunga bomba. Mate 40 ilitoka Oktoba ikiwa na Kirin 9000 ya nanomita 5 (kadiri namba hiyo inavyopungua ndivyo chipu inavyokuwa ya kisasa), chipu iliyowekwa ghalani kabla ya mlango kufungwa. Kila simu iliyouzwa ilipunguza akiba isiyoweza kujazwa. Novemba, Huawei ikaiuza Honor, chapa yake ya vijana, kwa muungano wa mawakala na wafanyabiashara zaidi ya 30 ili isizame nayo. Mwaka uliofuata ikazindua P50, simu ya bei ya juu isiyokuwa na 5G, maana kibali ambacho Qualcomm ilipewa kuiuzia chipu kilikuwa cha 4G tu. Kampuni iliyokuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa mitambo ya 5G duniani ikawa inauza simu ya 4G.

Tarakimu zinatosha. Mwaka 2019 Huawei ilisafirisha simu janja milioni 240. Katika robo ya pili ya 2020 iliipiku Samsung na kuwa ya kwanza duniani. Mapato ya kampuni nzima yalikuwa yuani bilioni 891.4 mwaka 2020. Mwaka 2021 yalishuka hadi bilioni 636.8. Kwa kampuni isiyokumbwa na moto, vita wala ufisadi, huo ni mporomoko wa kutisha.

Swali ambalo wanasiasa wa Washington hawakupenda kuulizwa ni nani alikalia kiti kilichoachwa wazi. Robo ya pili ya 2021, kampuni ya utafiti ya Canalys iliiweka Xiaomi nafasi ya pili duniani, mbele ya Apple. Oppo na Vivo zilipanda pia, na Honor, sasa ikiwa huru na vikwazo, ilirudi kununua chipu za Qualcomm na leseni ya Google kana kwamba hakuna kilichotokea. Barani Afrika kiti kilikaliwa na Transsion, mwenye Tecno, Infinix na Itel. Wote hao ni Wachina, na Transsion makao yake ni Shenzhen, mji ule ule wa Huawei na ZTE. Marekani ilimtoa Mchina mmoja mkubwa sokoni, wakaingia Wachina wengine.

Hata Xiaomi karibu ipitiwe na panga. Januari 2021, siku za mwisho za muhula wa kwanza wa Trump, Wizara ya Ulinzi iliiweka kwenye orodha ya kampuni zinazodaiwa kuwa na uhusiano na jeshi la China. Xiaomi ikaenda mahakamani Marekani kwenyewe, ikapata zuio mwezi Machi, na Mei ikatolewa. Ndiyo sababu mfanyabiashara mwenye busara leo anamweka wakili wa Washington kwenye bajeti sawa na anavyomweka mhandisi.

Kwa Mtanzania au Mkenya wa kipato cha kawaida, dhoruba hii ilipita juu ya paa, na sababu yake ni ya kiufundi. Kanuni za chipu ambazo Marekani ilizitoa Oktoba 2022 na zilizofuata zinalenga chipu za hali ya juu, za nanomita 16 au 14 kushuka chini. Simu nyingi za bei ya chini zinaendeshwa na chipu za vizazi vya nyuma, kama SC9863A ya Unisoc ya nanomita 28, ambayo imeingia kwenye simu kadhaa za Itel. Kiswaswadu cha batani ndiyo kabisa, hakijui habari hizo. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River, Kenya, kilichofunguliwa Oktoba 2023 kwa ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni moja ya Shenzhen, kinafanya kazi na vipuri vya daraja hilo hilo. Palipokuwa na wasiwasi wa kweli ni kwenye mitambo. Tangu 2015 M-Pesa ya Kenya imeendeshwa kwenye mfumo uliojengwa na Huawei, na Safaricom ilipoanza majaribio ya 5G mwaka 2021 ilitumia Huawei pamoja na Nokia. Vikwazo havikumkataza Mkenya kununua. Vilimbana muuzaji asipate vya kutengenezea.

Agosti 29, 2023, bila jukwaa wala mwaliko, Huawei iliiweka Mate 60 Pro kwenye duka lake la mtandaoni kwa yuani 6,999. Siku hiyo waziri wa biashara wa Marekani, Gina Raimondo, msimamizi mkuu wa vikwazo hivyo, alikuwa ziarani China. Wachina wakajaza mitandao kwa picha za kuchekesha zikimwonyesha kama balozi wa matangazo ya simu hiyo.

Maabara ya TechInsights nchini Canada iliipata simu, ikaifungua, ikaichambua chipu tabaka kwa tabaka. Ilikuwa Kirin 9000S, iliyochongwa na SMIC ya China kwa teknolojia ya nanomita 7. Ndani ya simu hiyo zilikutwa pia chipu za kumbukumbu za SK Hynix ya Korea Kusini, ambayo ilisema haijafanya biashara na Huawei tangu vikwazo vianze na ikaanzisha uchunguzi kujua zilipitia wapi.

SMIC iliwezaje? Mashine inayochonga chipu ndogo kuliko zote inatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Ndani yake matone ya bati yaliyoyeyushwa hupigwa na leza mara 50,000 kwa sekunde, kila tone likitoa mwanga wa mawimbi ya nanomita 13.5. Serikali ya Uholanzi, kwa shinikizo la Marekani, haikuruhusu hata moja ya mashine hizo ifike China. SMIC ikatumia kizazi kilichotangulia, chenye mwanga wa nanomita 193, na kupitisha tabaka moja mara kadhaa mpaka mistari ibanane vya kutosha. Inawezekana, lakini kila mpito ni muda, gharama, na nafasi nyingine ya kuharibu sahani nzima ya silikoni. Wiki chache baadaye Apple ilitoa iPhone 15 Pro yenye chipu ya nanomita 3. Kwa hiyo waliodai kwamba vikwazo vimeshindwa kabisa walikosea sawa na waliodai kwamba Huawei imekwisha. Huawei ilirudi nyumbani, ambako mteja hahitaji Google na bendera inauza. Mapato yake ya 2024 yalipanda hadi yuani bilioni 862.1. Soko la nje halikurudi.

China nayo ilijibu. Mei 2023 iliizuia Micron ya Marekani kuuza chipu za kumbukumbu kwenye miundombinu yake nyeti. Agosti 1 mwaka huo ikaanza kudai vibali kwa kila anayetaka kusafirisha gali na jemani. Gali ghafi inayozalishwa duniani, zaidi ya asilimia 90 inatoka China, na vikuza mawimbi vinavyoiwezesha simu kufika kwenye mnara vimetengenezwa kwa gali. Vikwazo vya madini vimeigusa Kongo pia: Agosti 2025 Marekani iliwekea vikwazo kikundi cha wapiganaji, chama cha ushirika wa wachimbaji na kampuni mbili za Hong Kong kuhusu madini ya Rubaya, Kivu Kaskazini, machimbo yanayotoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tantali ndiyo inayotumika kwenye kapasita, vijipande vinavyotuliza umeme ndani ya simu.

Mei 2025 Xiaomi ilizindua XRING O1, chipu yake ya kwanza ya nanomita 3, iliyochongwa na TSMC yule yule aliyezuiwa kumchongea Huawei. Ilipita kwa sababu Xiaomi haikuwemo kwenye orodha ile iliyoikumba Huawei, na kwa sababu kanuni ya Marekani ya Januari mwaka huo inailegezea chipu yenye transista chini ya bilioni 30. XRING ina bilioni 19. Lei Jun, mwanzilishi wa Xiaomi, aliahidi kutumia angalau yuani bilioni 50 kwa miaka kumi katika kubuni chipu. Siku mbili kabla ya uzinduzi huo, Qualcomm ilikuwa imetangaza mkataba mpya wa miaka kadhaa wa kuendelea kuiuzia Xiaomi chipu za Snapdragon kwa simu zake za bei ya juu.