Nasaba ya Ng'ombe wa Nundu katika Pwani ya Texas

Kusini mwa Houston, pale nyumba za Pearland zinapoachia nafasi malisho ya kaunti ya Brazoria, Mmasai au Mborana angewatambua ng'ombe kwa mbali: nundu mabegani, masikio yanayoning'inia, ngozi iliyolegea shingoni. Hao ni Brahman. Kwa wafugaji wa pwani hii, kumchagua dume kunafanana sana na kuposa: kwanza huulizwa mama ni nani.

Ng'ombe wa Ulaya, kama Hereford na Shorthorn, waliteswa hapa na joto lenye unyevu na kupe. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne walithibitisha kwamba homa ya Texas huenezwa na kupe, jambo ambalo mfugaji wa Afrika Mashariki anayepambana na ndigana hahitaji kuelezwa mara mbili. Ng'ombe wa nundu walistahimili. Mwaka 1906 A. P. Borden wa ranchi ya Pierce, kaunti ya Wharton, akaleta kundi kutoka India, na mwaka 1924 wafugaji wakaunda chama chao cha kuandika nasaba.

Kitabu cha nasaba cha chama hicho ndicho moyo wa desturi yao. Ukoo wa Hudgins wa Hungerford umefuga Brahman tangu 1915, na dume wao Manso, wa miaka ya 1930, bado anatajwa katika koo za Brahman wengi wa Marekani. Siku hizi takwimu zimeongezwa juu ya kumbukumbu hizo. Kila dume huwa na makadirio ya kile atakachorithisha: uzito wa ndama akizaliwa, uzito wake akiachishwa, ambao hurekebishwa uwe wa siku 205, na maziwa ya mabinti zake. Hata hivyo mfugaji mzoefu haridhiki na karatasi. Atataka kumwona mama wa dume: kiwele chake, miguu yake, kama huzaa kila mwaka na kama ana hasira. Brahman aliyezoeshwa mkono wa mtu huwa mpole, ila akikurupushwa ni hatari, na ukali hurithiwa. Wamasai nao huchagua dume kwa kutazama maziwa ya mama yake. Naliona hili kuwa ushahidi mzito: watu wa mabara mawili, bila kushauriana, wamefikia swali lile lile.

Lakini wengi hawafugi Brahman mtupu. Anayethaminiwa zaidi malishoni ni chotara wa Brahman na Hereford, jike mwenye milia kama ya chui milia. Damu mbili zilizo mbali zikikutana, uzao hupata nguvu inayowapita wazazi: jike huyu hushika mimba vizuri, huzaa kwa wepesi na hudumu miaka mingi. Mnadani mambo hugeuka. Wanunuzi hupunguza bei ya ndama mwenye nundu na masikio makubwa, kwa kuwa nyama ya Brahman huelekea kuwa ngumu zaidi. Basi mfugaji humbakiza mama chotara na kumpandisha kwa dume wa Angus au Charolais, ili joto limkute mama mwenye kulistahimili na soko limkute ndama linalomtaka. Wengine walituliza mchanganyiko ukawa aina kamili: Brangus ana sehemu 3 za Brahman kwa 5 za Angus, na Santa Gertrudis wa King Ranch, aliyetambuliwa rasmi mwaka 1940, ana 3 za Brahman kwa 5 za Shorthorn. Huku kwetu Afrika Mashariki dume wa kizungu huletwa mara nyingi bila hesabu kama hiyo, na zebu aliyestahimili ukame karne nyingi hupotea zizini. Hilo linaniuma.

Watoto huingizwa katika desturi hii mapema. Maonyesho ya mifugo ya Houston, yaliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1932, huwakusanya kila Machi na ng'ombe waliowaogesha na kuwafunza kuongozwa kwa kamba. Anayeleta maksai hujua mnyama wake ataishia machinjioni, na fedha za mnada zitasaidia masomo. Anayeleta mtamba wa Brahman hurudi naye nyumbani. Mtamba huyo huchelewa kukomaa, mara nyingi huzaa akikaribia miaka 3, na ndama wake huandikwa kitabuni, jina la mtoto likiwa kwenye nafasi ya mfugaji.