Wajibu wa Kuokoa, na Wabajuni Wasio na Jeshi

Serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka Januari 1991, na Kisimayu ukawa mji wa kutekwa leo na kundi hili na kesho na lile, Wabajuni wa Koyama, Chovai, Chula na visiwa vilivyo jirani, watu wa nyavu na mashua ambao hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwahami, walipakia aila zao wakashika bahari kuelekea Lamu na Mombasa, nchini Kenya, na wengi wao wakaishia katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Dola ikiisha kutoweka namna hiyo, dhima ya kuwalinda raia wake humwangukia nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 wakataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi, ila pale Baraza la Usalama linapoona kuwa amani ya ulimwengu imo hatarini. Tarehe 3 Disemba 1992, kwa azimio nambari 794, Baraza lilikata shauri kwamba ukubwa wa msiba wa Somalia wenyewe ni tishio kwa amani, likatoa idhini ya kutumia nguvu ili chakula kiwafikie wenye njaa. Askari wa Ubelgiji na wa Marekani waliingia Kisimayu tarehe 20 mwezi huo. Walakini watu wa mbabe wa vita Omar Jess walikuwa wamekwisha kuwaua waheshimiwa wa mji wa koo za Harti, ilhali idhini ya Baraza ilikwisha kutolewa.

Chakula kilifika, na hilo si jambo la kudharauliwa. Amma sulhu ilitafutwa kwa wenye bunduki: mapatano ya Addis Ababa ya Machi 1993 yalitiwa sahihi na vikundi 15, na mvuvi asiye na silaha, ambaye kwa rai yangu ndiye aliyestahiki kusikizwa kwanza, hakuwa na wa kumsemea kwa uzito uo huo. Machi 1995 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaondoka.

Mohamed Sahnoun wa Algeria, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa huko Somalia mwaka 1992 hata akajiuzulu, alikuwa mmoja wa wenyeviti wawili wa tume iliyotoa, mwaka 2001, kanuni ya wajibu wa kulinda, nayo tume iliutaja wajibu huo kwa sehemu tatu: kuzuia maafa, kuyakabili yanapotokea, na kujenga upya baada yake. Viongozi wa dunia walipoipokea kanuni hiyo mwaka 2005 walizishika mbili za mwanzo, na ile ya tatu haikuingia katika ibara zenyewe za kanuni, bali ilipelekwa kwenye tume nyingine iliyoundwa kando. Ilhali ni hiyo ya tatu hasa waliyoihitaji Wabajuni waliorejea visiwani, wakakuta wenye silaha wameshika ardhi yao na bahari yao.