Gari limeharibika safarini na fundi anasema "kesho": hukumu za sala, funga na malipo



Shukrani zote ni za Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aila yake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa suali na aila moja ya hapa Unguja. Walikwenda Oman kuwatembelea ndugu zao, wakaa Maskati zaidi ya mwezi. Kisha wakakodi gari la karavani, lile lenye vitanda na jiko ndani, waende Salalah kuangalia kharifu. Njia hiyo ni kiasi cha kilomita elfu moja, na sehemu kubwa ni jangwa. Walipokaribia Haima tairi la nyuma likapasuka, likavunja na bomba la maji chini ya gari. Tairi la saizi ile halikupatikana pale, ikabidi liagizwe Maskati. Fundi akasema "kesho". Kesho ilipofika akasema "kesho kutwa". Wakakaa siku tisa.

Katika siku hizo watu wa gari moja walisali namna mbili. Baba alikuwa akipunguza sala. Shemeji yake alisema baada ya siku nne lazima kutimiza, na akakataa kusali nyuma yake. Watu waliorudi salama wamerudi hawasemezani vizuri. Wanauliza: nani alikuwa sahihi, na je, sala za baba zirudiwe? Na pesa walizolipia gari ambalo halikutembea, ni haki ya nani?

Suali hili linawahusu wengi. Anayetoka hapa kwenda bara na basi likamharibikia njiani, au aliyekwama bandarini kwa sababu boti haiondoki, yumo ndani yake. Tutaeleza kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, na tutataja wengine pale inapohitajika.

Kwanza: nani ni msafiri?

Ruhusa ya kupunguza sala imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101, na Sunna ya Mtume (S.A.W.) ikaifafanua. Kwa Shafii, safari iwe ya halali na iwe ya marhala mbili, ambazo Maulamaa wa leo wanazikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, zinakuwa rakaa mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi.

Aila hii walipokuwa Maskati kwa zaidi ya mwezi walikuwa na hukumu ya wakaazi, kwa hiyo walitakiwa kutimiza. Walipotoka nje ya mji kuelekea Salalah ilianza safari mpya, na ruhusa ikarudi. Kupasuka tairi hakukatishi safari. Kinachoangaliwa ni muda wa kukaa pale walipokwama, na walichokuwa wanakijua kuhusu muda huo.

Pili: siku nne au siku kumi na nane?

Hapa ndipo baba na shemeji walipogongana, na kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa mas-ala.

Hali ya kwanza ni ya mtu aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, au anayejua kuwa haja yake haiwezi kumalizika kabla ya hapo. Huyu amekuwa mkaazi. Anatimiza sala tangu anapofika, au tangu anaponuia au kujua hilo.

Hali ya pili ni ya mtu ambaye haja yake inatarajiwa kumalizika wakati wowote, na ikimalizika tu ataondoka. Leo anasema kesho, na kesho anasema kesho kutwa. Huyu hakunuia kukaa siku nne, bali siku zimemfikia bila ya nia yake. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, anaendelea kupunguza mpaka siku 18, kisha anatimiza. Msingi wake ni kukaa kwa Mtume (S.A.W.) Makka mwaka wa kuifungua, mwaka wa 8 Hijria, akiwa anapunguza. Riwaya ya Imran bin Husayn (R.A.) kwa Abu Daud imetaja siku 18, na ya Ibn Abbas (R.A.) kwa Bukhari imetaja 19.

Wapo Maulamaa waliosema kuwa mtu wa hali hii hupunguza hata muda urefuke vipi, na hiyo ndiyo kauli ya Hanafi. Imepokewa kuwa Ibn Umar (R.A.) alizuiliwa na theluji Azerbaijan miezi sita akawa anapunguza.

Kwa hiyo suali la kumuuliza baba ni hili: fundi alikwambia nini? Ikiwa kila siku alitaraji tairi litafika na wataondoka, basi alikuwa katika hali ya pili, sala zake za siku tisa ni sahihi na hazirudiwi. Lau fundi angesema wazi tangu mwanzo kuwa tairi litachukua wiki nzima, na baba akamsadiki, hapo shemeji ndiye angekuwa sahihi na ingelazimu kutimiza. Na mtu akianza katika hali ya pili, kisha siku ya tatu akapata habari ya uhakika kuwa zimebaki siku tano, anatimiza kuanzia wakati ule. Alizozipunguza kabla hazimdhuru.

Tatu: je, wangeweza kusali pamoja?

Wangeweza, tena bila ya tabu. Msafiri akisali nyuma ya imamu anayetimiza, na yeye anatimiza pamoja naye. Na anayetimiza akisali nyuma ya msafiri, imamu akitoa salamu baada ya rakaa mbili, yeye anasimama na kumaliza zake. Hakukuwa na sababu ya kuacha jamaa. Khitilafu hii ni ya ijtihadi, na aliyeshika kauli ya Imam anayetegemewa hakatazwi kusaliwa nyuma yake.

Tukumbuke pia kuwa walikuwa Oman. Ndugu zetu Ibadhi, ambao tunao hapa visiwani tangu zama za wazee wetu, wanahesabu safari kuanzia farsakha mbili, kama kilomita 12, na kwao msafiri hupunguza maadamu hajaifanya sehemu ile kuwa makaazi yake. Ukimkuta anapunguza baada ya mwezi, anafuata alichosomeshwa na Maulamaa wake. Usimkemee.

Nne: kukusanya sala, Ijumaa na funga

Kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kunaruhusiwa kwa msafiri hata akiwa ametua. Lakini mtu aliyekaa kivulini kwenye gereji siku nzima, maji yapo na msikiti upo, bora kwake asali kila sala kwa wakati wake. Ruhusa hii aiweke kwa siku ya kuwa barabarani.

Anayekusanya kwa kutanguliza aanze na sala ya kwanza, anuie kukusanya akiwa ndani yake, na asitenganishe baina ya mbili hizo kwa muda mrefu. Anayekusanya kwa kuchelewesha anuie hivyo kabla wakati wa sala ya kwanza haujatoka.

Ijumaa haimlazimu msafiri, lakini akiisali inamtosha badala ya Adhuhuri. Aliyekuwa mkaazi kwa nia ya siku nne, inamlazimu.

Ikiwa ni Ramadhani, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kwa Shafii, kufunga ni bora kwa asiyepata mashaka. Hukumu ya ukaazi inapomthibitikia, kama tulivyoeleza, ruhusa ya safari inaondoka.

Tano: maji yakiwa machache

Bomba la gari limepasuka, na yaliyobaki ni madumu mawili ya kunywa, na watoto wamo. Maji yanayohitajika kwa kiu hayatiwi udhu, hata kama kiu yenyewe ni ya baadaye. Wanatayamamu kwa mchanga safi wenye vumbi, baada ya wakati kuingia, na kila fardhi kwa tayamamu yake. Lakini maji yakiuzwa karibu kwa bei yake ya kawaida, na mtu ana pesa zinazozidi mahitaji ya safari yake, inamlazimu kuyanunua. Akipandishiwa bei kuliko kawaida ya pale, halazimiki.

Sita: haki baina ya mteja, fundi na mwenye gari

Sala ni haki ya Allah, naye ni Mwingi wa kusamehe. Haki za watu zinadaiwa mpaka zilipwe au zisamehewe, na ndipo tunapoona mzaha mwingi.

Ujira wa fundi utajwe kabla ya kazi kuanza. "Utanipa chochote tu" ndiyo mwanzo wa ugomvi. Kazi itajwe, bei ya kifaa itengwe na bei ya ufundi, na siku ya kumaliza isemwe. Fundi anayejua kuwa tairi halitafika kabla ya wiki, naye anasema "kesho" ili mteja asiondoke, anasema uongo. Na kama tulivyoona, uongo wake unagusa mpaka sala za watu.

Inajuzu kuweka sharti kuwa akichelewa bila ya udhuru, ujira upungue kwa kiasi maalumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, liliruhusu sharti la fidia kama hilo katika mikataba ya kazi, na likakataza katika madeni, kwa sababu humo inakuwa riba. Kwa hivyo fundi naye hana ruhusa ya kumwambia mteja aliyechelewa kulipa, "deni lako limezidi kwa sababu ya siku."

Gari lililo mikononi mwa fundi ni amana. Likiharibika bila ya uzembe wake, kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kuwa halipi. Akizembea au akilitumia kwa safari zake, analipa.

Ama gari la kukodi, unachokinunua ni manufaa yake. Ubovu ukitokea bila ya kosa la mkodishwaji, manufaa yakakatika, ana haki ya kuvunja mkataba, na kodi ya siku zilizobaki inaanguka. Kwa hiyo aila hii, ikiwa tairi lilipasuka kwa uchakavu wake, wana haki ya kuzungumza na mwenye gari kuhusu siku tisa zile. Wakiwa walilizidisha mzigo, au waliambiwa upepo hautoshi wakaendelea na safari, basi lawama na gharama ni yao. Kabla ya kudai, mtu ajihukumu mwenyewe kwa ukweli.

Saba: kuchukua sababu ni katika dini

Kutawakali hakumuondoshei mtu jukumu la kukagua tairi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisipite miaka 10 hata kama meno yake bado mazima. Magari ya karavani, kwa kuwa husimama muda mrefu, tairi zake huzeeka kabla ya kulika. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Upepo mdogo, mzigo mzito na lami ya moto ndivyo vinavyolipasua.

Likipasuka, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue mwendo, kisha litoe nje ya barabara. Teremsha watu wote, wakae mbali na lami, na weka alama nyuma ya gari.

Na wewe unayeuza tairi lililotumika huku umeficha ufa wake kwa rangi nyeusi, jua kuwa Mtume (S.A.W.) alimkemea muuza nafaka aliyeficha unyevu chini ya chungu yake, na akajitenga na wenye kughushi. Nafaka ile haikuwa na roho ya mtu juu yake. Tairi lako lina watoto juu yake.

Jawabu kwa aila

Kwa baba: ikiwa ulikuwa ukitaraji kuondoka kila siku, sala zako ni sahihi na huna cha kurudia. Kwa shemeji: kutimiza kwako hakukuharibu sala yako, lakini kuwatenga wenzako hakukuwa na haja. Kwa wote wawili: msafiri ni mtu ambaye dua yake inatarajiwa kukubaliwa. Msizipoteze dua hizo kwa kununiana, peaneni mikono.

Tunamuomba Allah awarejeshe wasafiri wetu wote majumbani mwao kwa salama, awakunjulie njia walioko ugenini, na atujaalie kuchunga haki Zake na haki za waja Wake. Amin.

Wallahu aalam.